Kupanga nyumba Ganze: Kipi kibaki, kipi kitoke?

Wahenga walisema akiba haiozi. Katika vijiji vya Ganze, kaunti ya Kilifi, methali hiyo haihitaji kufafanuliwa. Mtungi wa plastiki uliopasuka shingo huwekwa, kwa kuwa siku ya mvua utakinga maji ya paa. Gunia lililotoboka huwekwa, kwani huenda likashonwa. Bati lenye kutu, gurudumu la baiskeli, chupa za soda, sufuria isiyo na kitako na viatu vya mtoto ambaye sasa ni mtu mzima, vyote hupata pembe yake chini ya kitanda au nyuma ya jiko.

Anayezicheka tabia hizo hajaishi katika nchi kavu. Ganze, yenye wadi za Ganze, Bamba, Jaribuni na Sokoke, iko bara, mbali na upepo wa bahari na fedha za watalii wa Malindi na Watamu. Kati ya mwaka 2020 na 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kunyesha vya kutosha katika maeneo mengi kame ya Kenya. Katika hali kama hiyo, kutupa kitu ni kama kuapa kwamba hutakihitaji tena, na ni wachache wanaoweza kula kiapo hicho.

Ndiyo maana mafunzo ya kupunguza vitu nyumbani, yaliyopata umaarufu mijini na ng'ambo katika miaka ya hivi karibuni, hayafai kuchukuliwa mazimamazima na kupelekwa kijijini. Mafunzo hayo humwambia mwenye nyumba aondoe asichokipenda. Katika nyumba ya udongo yenye vyumba viwili, swali si mapenzi. Swali ni je, kitu hiki kinafanya kazi gani, na kikikaa hapa kinaweza kumdhuru nani?

Ukweli ni kwamba si kila akiba haiozi. Mahindi huota kuvu. Maji huzaa mbu. Rundo la kuni hufuga panya, na panya huita nyoka. Mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda yanaweza kunywewa na mtoto. Kuipanga nyumba, basi, si suala la urembo pekee, bali ni sehemu ya kulinda chakula, afya na uhai wa jamaa wote wa boma.

S tano

Iko njia moja ya kupanga mahali iliyozaliwa katika viwanda vya Japani na ambayo imekwisha kuvaa vazi la Kiswahili. Mwaka 2007, hospitali ya rufaa ya Mbeya, Tanzania, ilianza kuitumia kwa ushirikiano na Wajapani, na baadaye ikaenea katika hospitali nyingine nyingi za nchi hiyo. Maneno matano ya Kijapani yanayoanza kwa herufi S yalitafutiwa maneno matano ya Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia.

Kusasambua ni kutenga kinachohitajika na kisichohitajika. Kuseti ni kukipa kila kilichobaki mahali pake. Kusafisha kunajieleza. Kusanifisha ni kuweka utaratibu mmoja unaofahamika na wote, na kushikilia ni kuufanya utaratibu huo uwe desturi. Njia iliyofaa chumba cha dawa haiwezi kushindwa na jiko la makuti, mradi ianze na vitu vyenye uzito mkubwa zaidi katika maisha ya nyumba hiyo.

Mahindi: mbali na sakafu, mbali na unyevu

Kwa desturi, mahindi ya Wagiriama yalihifadhiwa juu ya uchaga, ndani ya paa, jikoni. Moshi wa mafiga uliyakausha na kuwafukuza wadudu. Lilikuwa ghala na kikaushio kwa wakati mmoja. Nyumba zilipobadilika, makuti yakapisha mabati na jiko likatengwa na nyumba ya kulala, familia nyingi ziliuacha uchaga na kuyapukuchua mahindi, kuyatia katika magunia na kuyaegemeza ukutani chumbani. Nafaka ikawa imehamia karibu na watu, ila ikapoteza moshi na hewa.

Hatari ya mabadiliko hayo ilidhihirika mahali pengine nchini. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki mwa Kenya, zikiwemo Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini, ambayo pia huitwa sumukuvu. Wachunguzi walipolinganisha nyumba zilizopata maafa na zilizosalimika, walibaini kwamba waliougua walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wamehifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba wanamoishi badala ya ghalani. Mahali pa kuweka gunia palikuwa sehemu ya tofauti ya uhai na kifo.

Sumu hiyo hutolewa na kuvu inayostawi penye joto na unyevu. Haiondoki kwa kupikwa, na nafaka inaweza kuwa nayo bila kuonyesha dalili kwa macho. Kinga yake huanza kabla ya kuhifadhi: mahindi yaanikwe juu ya jamvi au turubai, si juu ya udongo mtupu, hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13.5.

Mkulima asiye na kipimo anaweza kutumia chumvi. Mahindi kiasi hutiwa ndani ya chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, chupa hufungwa na kutikiswa kwa dakika kadhaa, kisha huachwa itulie. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, mahindi bado yana maji na yarudishwe juani. Ikianguka yote chini, yako tayari kuhifadhiwa.

Magunia hayapaswi kugusa sakafu wala ukuta. Yapangwe juu ya vibao au mawe yaliyoinuliwa, na pawe na nafasi ya mtu kupita akikagua panya na wadudu. Fukusi ni adui wa zamani. Dumuzi, mdudu kutoka Amerika ya Kati aliyeonekana nchini kwa mara ya kwanza huko Taveta mwaka 1983, ni mkali zaidi, kwani hugeuza punje kuwa unga kabla mwenyewe hajashtuka. Mifuko isiyopitisha hewa, ambayo huwaua wadudu kwa kuwanyima pumzi, imewasaidia wengi, lakini hata hiyo haimfai anayeijaza mahindi mabichi, kwa sababu itafungia unyevu ndani.

Punje zilizooza au kubadilika rangi zichambuliwe na kutupwa. Hapa ndipo kusasambua kunapouma, kwa kuwa ni vigumu kutupa chakula panapokuwa na njaa. Hata hivyo kuku hapaswi kulishwa kilichokataliwa na binadamu kwa sababu ya kuvu, wala punje hizo kusagwa pamoja na nzima ili zisionekane. Sumu haipungui kwa kufichwa.

Maji: hesabu vyombo

Wengi hudhani kwamba homa zinazoletwa na mbu ni ugonjwa wa masika. Kisa cha Lamu mwaka 2004 kinaonyesha vingine. Homa ya chikungunya ilikipiga kisiwa hicho wakati wa ukame, na uchunguzi wa damu uliofuata ukagundua dalili za maambukizi kwa takriban robo tatu ya waliopimwa. Watafiti walieleza kwamba ukame wenyewe ulichangia: watu waliweka maji ndani ya vyombo kwa muda mrefu, bila kuvifunika vyema na bila kuvibadilisha mara kwa mara, na mbu wakapata mahali pa kutagia. Kutoka Lamu ugonjwa huo ulifika Mombasa mwaka huo huo, na Mombasa ikaupata tena mwaka 2017 na 2018. Homa ya dengi, inayosambazwa na mbu wa jamii hiyo hiyo, iliwahi kuzuka Malindi na Kilifi mwaka 1982.

Mbu huyu hupenda maji safi yaliyotulia: pipa, mtungi, kifuu cha nazi, kopo au gurudumu kuukuu. Kutoka yai hadi mbu anayeruka, siku saba hadi kumi zinatosha. Mayai yake hushikamana na ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji yarudi. Kumwaga peke yake hakutoshi, hivyo inapasa chombo kisuguliwe ndani kwa nguvu angalau mara moja kwa wiki.

Nyumba inayochota maji mbali katika mabwawa na visima haiwezi kuambiwa ipunguze akiba yake ya maji. Inaloweza kufanya ni kuvihesabu vyombo na kuvitenga makundi matatu. La kwanza ni vya maji ya kunywa, vyenye vifuniko na kata ya kuchotea yenye mpini. La pili ni vya kuoshea na kunyweshea mifugo. La tatu ni vile visivyoshika maji tena. Hivi vya mwisho ama vitobolewe na kupewa kazi nyingine, mathalani kupandia mboga, ama viwekwe kifudifudi chini ya paa, ama viuzwe kwa wanunuzi wa plastiki na vyuma chakavu. Kilichobaki uwanjani bila kazi, mdomo ukiwa juu, kinamngoja mbu.

Vyombo vilivyowahi kubeba dawa za mimea au za kuogeshea mifugo visipewe kazi ya maji wala chakula, hata vikioshwa mara mia. Vivyo hivyo mafuta ya taa na dawa za kuua wadudu zisitiwe katika chupa za soda au maji ya kunywa. Ziwekwe juu, zikiwa na alama, mbali na mahindi na mikono ya watoto. Mtoto akinywa mafuta ya taa asitapishwe, kwa sababu mafuta yakipanda huweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitalini mara moja.

Kuni, panya na nyoka

Kilifi ni kaunti inayozijua sumu za nyoka. Watamu kuna kituo cha nyoka cha Bio-Ken, kilichoanzishwa mwaka 1980, ambacho kimejulikana kwa kuwasaidia walioumwa. Duniani, Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 liliiweka ajali hiyo katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahaulika. Aghalabu waathiriwa ni wakulima, wafugaji na watoto wa vijijini.

Bafe na swila hawaji nyumbani kumtafuta mtu. Huja kwa ajili ya panya, vyura, vifaranga, maji na kivuli. Rundo la kuni lililoegemea ukuta wa jiko, mawe yaliyosalia baada ya ujenzi, makuti makuukuu na mabati yaliyolazwa chini huwapa maficho hatua chache kutoka mlangoni. Kwa sababu hiyo, kuni zipangwe juu ya vichanja, mbali na nyumba ya kulala. Majani ya kuzunguka boma yafyekwe, matundu ya kuta yazibwe kwa udongo, na makombo yasilazwe uwanjani. Kuku walale katika kibanda chao, si chini ya kitanda cha watoto.

Anayelala juu ya kitanda, ndani ya chandarua kilichochomekwa vyema, hupata kinga dhidi ya mbu na nyoka pia. Basi kabla ya kukijaza chini ya kitanda kwa magunia na masanduku, heri kukumbuka kwamba nafasi hiyo ikiwa wazi, hufagiliwa na kumulikwa. Ikijaa, huwa pango.

Anayeumwa asichanjwe wala kufungwa kamba ya kukaza. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, na safari ya hospitalini ianze papo hapo.

Sakafu: vumbi si uchafu tu

Funza aliingia Afrika kutoka Amerika ya Kusini kupitia Angola mwaka 1872, na katika miongo michache akawa amevuka bara zima. Jike, mwenye urefu wa kama milimita moja, hujichimbia ngozini, hasa miguuni, akavimba kama punje ya dengu na kuyaangusha mayai yake chini. Mayai huanguliwa kwa siku chache, na wana wake hukulia katika vumbi na mchanga mkavu wa sakafu. Tafiti zilizofanywa katika vijiji vya Kilifi zimeitaja sakafu ya udongo usioshikamana kuwa miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari, na watoto na wazee ndio huteseka zaidi.

Mtoto mwenye funza hushindwa kutembea, huchekwa shuleni na hatimaye huacha kwenda. Lawama huangukia wazazi, huitwa wachafu. Lakini sakafu iliyojaa vitu haifagiliki hata na mtu msafi. Magunia, nguo na vyombo vikining'inizwa ukutani au kupandishwa kwenye rafu za miti, sakafu huonekana, hunyunyizwa maji na kufagiliwa kila siku mpaka pembeni. Udongo ukikandikwa upya na kushindiliwa, wadudu hukosa vumbi la kukulia. Saruji ni bora, kwa anayeimudu. Mbwa na wanyama wengine wa nyumbani nao huambukizwa, hivyo wasilale walalapo watu. Kuchokoana kwa sindano moja kutoka mguu hadi mguu ni hatari, kwani huambukiza magonjwa mengine.

Karatasi zenye thamani ya shamba

Katika nyumba nyingi, kitu kidogo kuliko vyote ndicho ghali kuliko vyote. Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, kadi za kliniki, vyeti vya shule na hati za ardhi mara nyingi hufichwa ndani ya godoro, katikati ya nguo au katika pembe za paa, ambako panya, mchwa, mvua na moto huzifikia. Cheti kimoja kikipotea, mtoto huweza kukwama wakati wa kusajiliwa kwa mtihani, na mjane huweza kuhangaika akidai haki ya marehemu mumewe.

Karatasi hizi zitiwe katika mfuko mmoja mgumu wa plastiki, kisha ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, na watu wazima wawili wajue liliko. Nakala ziwekwe kwa jamaa anayeaminika katika boma jingine. Hilo ni kazi ya alasiri moja.

Visivyo takataka

Ila kusasambua kuna mipaka yake, na historia ya Kilifi ina funzo chungu juu ya jambo hili. Kigango, nguzo ya mti iliyochongwa kwa ukumbusho wa mzee wa chama cha Gohu, haipaswi kuhamishwa. Familia inaweza kuhama na boma likageuka kichaka, lakini kigango husalia palepale kikilika na jua na mchwa. Machoni pa mpita njia ni gogo la zamani lililotelekezwa. Machoni pa wenyewe ni mzee aliyesimama.

Kuanzia miaka ya sabini na themanini, vigango vingi viling'olewa, mara nyingine na vijana wa huko huko kwa malipo duni, vikauzwa ng'ambo kama sanaa. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 katika boma moja la Kilifi viligunduliwa katika majumba ya makumbusho ya Illinois na Virginia, Marekani, vikarejeshwa kwa familia mwaka 2007. Mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver lilitangaza kurudisha vigango 30. Miaka mingi na juhudi kubwa zilihitajika kurudisha kilichong'olewa usiku mmoja.

Funzo lake ndani ya nyumba ni jepesi: anayepanga asikitupe cha mwingine bila kumuuliza. Kinu kilichopasuka, kibuyu cheusi kwa moshi au kikapu cha hawe huenda kimebeba jambo ambalo mjukuu aliyetoka Mombasa kwa likizo halijui. Anayeishi na kitu ndiye mwenye neno la mwisho. Na pale mzee anapokataa kutoa, mara nyingi inatosha kukisogeza mahali pa juu na pakavu.

Kushikilia

Takataka zilizokwisha kutengwa nazo zina njia zake. Maganda na majani hufaa mbolea. Chuma na plastiki ngumu huuzwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Betri kuukuu zisitupwe motoni wala jaani ambako watoto huchezea, na plastiki isichomwe kando ya jiko, kwa sababu moshi wake ni sumu.

Kazi yote haihitaji kufanywa siku moja. Boma linaweza kuanza na chumba cha mahindi kabla ya mavuno, likafuata vyombo vya maji kabla ya mvua, kisha kuni, kisha sakafu. Baada ya hapo siku moja ya wiki itoshe: kusugua mapipa, kusogeza magunia na kumulika chini ya vitanda. Kila mmoja apewe sehemu yake, pamoja na wanaume na wavulana, kwani mzigo ukiachiwa mama peke yake, pamoja na kuchota maji na kutafuta kuni, utaratibu hautapita mwezi.

Wahenga hawakukosea kuisifu akiba. Mtungi uliofunikwa, mahindi makavu juu ya uchaga na cheti ndani ya kopo ni akiba isiyooza. Rundo lililo nyuma ya jiko, ambalo hakuna anayejua limeficha nini, ni deni, na huenda wa kwanza kulilipa akawa mtoto anayekwenda huko kutafuta mpira wake.